Siku Mama Mujinga Alifunua Nyungu

Emery alipenda chakula changu. Ninaanza na neno hilo ili mtu asiseme baadaye kwamba hakukipenda. Alikuwa anakula akiwa amesimama nyuma ya jikoni, anachovya bukari, yaani ugali, kwenye lengalenga, mchicha wetu wa karanga, anafumba macho na kusema, "Domi, mutu akinipiga leo, sianguki." Mimi nilikuwa ninacheka, na moyo unajaa.

Ninyi wasichana, nisikieni. Mwanaume akila hivyo mkiwa wawili tu, bado hujamjua. Utamjua siku mama yake atakapokaa mbele ya sahani ile ile.

Ulikuwa mwaka kampani ya shaba ilikufa. Tangu baba yangu, Papa Clément, aanze kazi humo, kila mwezi gari lilikuwa linatuletea posho: unga, mafuta, maharagi, samaki ya chumvi kutoka Kilwa yetu ya ziwani. Chakula kilishuka garini, na sisi tukasahau kwamba kinatoka kwenye udongo. Kisha gari likaacha kuja. Mwezi wa kwanza tulisema limeharibika. Mwezi wa tatu Papa alitoa kiti chake, akakiweka mbele ya nyumba akitazama barabara, na akaacha kunyoa ndevu.

Unga ukawa unatoka Mokambo, mpakani, kwa baiskeli, na tuliula mtupu. Mtoto wa majirani alivimba mashavu na miguu, na sisi kwenye avenue yetu, mtaa wa Katuba, tukampongeza mama yake kwamba mtoto ananenepa. Tulimpongeza kweli. Siku ya tisa tukamzika.

Hapo ndipo muuguzi wa kituo cha afya, Mama Bénédicte, alipotukusanya chini ya waya wa nguo, akainua vidole vitatu. "Hiki ni cha nguvu, njo bukari. Hiki ni cha kujenga mwili: maharagi, soya, mayai. Hiki ni cha kuchunga mwili: majani, malenge, papai. Ninyi munakamata mutoto na kidole kimoya. Ataanguka." Hakutufokea. Ingekuwa afadhali angetufokea.

Tukaanza kulima. Tulilima uani, tukalima pembeni ya barabara, tukalima hata pale zamani Papa alipokuwa anaegesha pikipiki yake. Tulibomoa kichuguu kikubwa cha nyuma ya nyumba, kwa kuwa udongo wa mchwa ni mzuri kwa mboga, kila mtu wa hapa anajua hivyo, tukauchanganya na majivu na maganda na mavi ya kuku. Kuku walikuwa watano, wa avenue nzima, ila walilala kwetu. Mayai yao hayakuliwa na mtu mzima. Kila siku ya pili ya juma, Jumanne, yaliingia kwenye nyungu kubwa ya watoto wenye miguu iliyovimba, pamoja na majani ya shamba langu. Miezi mitano hatukuzika tena.

Emery ndiye aliyejenga nyumba ya kuku juu ya shimo la mbolea, ili mavi yaanguke yenyewe. Huyo mtoto wa karani, mwenye soksi nyeupe, ambaye kabla ya hapo hakujua kutofautisha lengalenga na majani ya mbwa! Alisukuma brouette, toroli ya udongo wa kichuguu, mpaka viganja vikapasuka. Nilimfunga viganja na kitambaa changu cha kichwa. Alinitazama muda mrefu, sikujua nitazame wapi.

"Nitakuoa," akasema.

"Na mikono gani? Yote imekufa."

"Utanilisha wewe."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Hakupiga magoti mtu.

Halafu wakaanza kuondoka. Watu wenye asili ya Kasai, hata wale waliozaliwa hapa na kubatizwa hapa, walifukuzwa, wakaanza kulala kwenye gare, stesheni, na mizigo yao wakingoja treni. Sababu zake wengine wataziandika. Mimi ninakumbuka kelele ya vitanda vikiburutwa barabarani asubuhi. Emery ni wa watu hao. Baba yake alikwisha kufa, alibaki na mama yake, Mama Mujinga, jina ambalo kwa lugha yao si tusi, na mama huyo alikuwa tayari amefunga mizigo.

Emery alileta neno lake siku ya ine, Alhamisi. Alikuwa anahema.

"Mamu amekubali kukutana na baba yako. Atakuya kula kwenu siku ya mungu, akitoka misa. Anasema, akiona niko na nyumba hapa, na bantu ya kunichunga, ataenda peke yake. Mi nitabaki. Tutaoana."

"Na akiona haina vile?"

"Nitapanda naye. Sina namna, Domi, ni mama yangu. Siwezi kumutupa mu treni sawa muzigo."

Kwa hiyo yote yalikuwa juu ya chakula cha siku moja. Nilielewa hivyo, na sikuogopa. Nilijua kupika.

Mama yangu ndiye aliyeogopa. Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya nyumba ya kuku, kisu mkononi.

"Tutachinja ule mweupe," akasema.

"Mama, ni ya avenue. Anataga kila siku."

"Domitille. Mama ya Emery ni bukwe, mukwe wetu, na bukwe hali majani. Bukwe anapewa kuku nzima, kichwa na miguu ndani, aone hakuna kiungo kimefichwa. Usipomupa kuku, umemuambia: mutoto wako si kitu kwetu. Ni vile kwetu, na kwao ni zaidi."

"Kuko batoto kumi na moya siku ya pili, Mama. Yai ya ule kuku..."

"Mi najua hesabu ya batoto! Mi njo nabaosha!" Akashusha sauti. "Ni kuku moya, mwanangu. Mama Bénédicte mwenyewe atafahamu."

Nilikuwa karibu kukubali. Ninaapa, mkono wangu ulikuwa kwenye mlango wa wale kuku. Ndipo Emery alipoingia uani. Mama yangu, kwa heshima ya bukwe, akaficha kisu kwenye kitenge na kukimbilia jikoni, maana mkwe na mama wa mke hawasimami wakitazamana. Lakini jikoni kwetu ni ukuta wa matofali na mabati mawili. Alisikia kila kitu.

"Musichinje," Emery akasema. "Domi, usichinje! Miye mwenyewe nilijenga ile nyumba sababu ya mayai. Mamu anaona namna minapata mwili. Kila siku ananiuliza unakula wapi. Akionja tu ile lengalenga yako, kwisha."

"Mama anasema ni desturi."

"Desturi nitamuelezea mi. Nitasema: Mamu, miye njo nimekataza. Niachie mi ile mambo."

"Utasema?"

"Nitasema mi mwenyewe, mbele ya baba yako."

Alinishika vidole. Viganja vyake vilikuwa vimepona, vimekuwa vigumu kama vya mtu wa shamba, na mimi nilijivunia ugumu ule kana kwamba nimeupanda mwenyewe. Kutoka ukutani mama yangu alikohoa mara moja. Nilifahamu kikohozi hicho. Sikukifuata. Ndugu zangu, kikohozi cha mama mzazi kifuateni, hata kama hamjui kinaelekea wapi.

Siku ya mungu niliamka kabla ya kengele. Nilipika bukari ya mahindi na soya. Nilipika lengalenga na karanga za kutwanga, matembele na nyanya, maharagi na ndakala kidogo, wale dagaa, malenge ya kuchemsha yenye kunukia kama mkate. Nilipanga nyungu tano juu ya meza, kila moja na kifuniko chake. Vidole vyote vitatu vya Mama Bénédicte vilikuwa pale. Nilitazama meza ile, nikaona sijawahi kupika vizuri hivyo, na mpaka leo ninaona hivyo.

Mama Mujinga alifika na kitenge cha super wax na viatu vya misa. Alikuwa mrefu, mzuri, na macho yamechoka. Emery alikuja nyuma yake na soksi nyeupe. Papa alikuwa amenyoa ndevu.

"Moyo wenu," Mama Mujinga akasalimu kwa lugha yao, kisha kwa yetu, "Jambo yenu, ba bukwe."

"Jambo sana, Mama. Karibu. Kaeni," Papa akasema.

Nilileta maji, nikapiga goti, nikamnawisha Mama Mujinga. Alitazama uso wangu, akatazama mikono yangu.

"Mikono ya kazi," akasema. "Ni muzuri. Emery anasema wewe njo unamulisha."

"Ndiyo, Mamu."

"Asante, mwanangu. Nilimuona ananenepa, nikasema kuko mutu."

Alinitabasamia. Ninakumbuka lile tabasamu, kwa kuwa lilikuwa la mwisho. Akanyosha mkono, akafunua nyungu ya kwanza. Majani. Akaweka kifuniko kando, taratibu, bila kelele. Akafunua ya pili. Majani. Ya tatu, maharagi. Ya ine, malenge. Alibaki na kifuniko cha tano mkononi muda, kama mtu anayesali. Akakiinua. Bukari, ya manjano.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ni soya, Mamu. Inajenga mwili."

"Ile ya kituo? Yenye banapatia batoto ya kuvimba?"

"Ndiyo, Mamu, ni..."

"Minafahamu."

Nje, mlango ukiwa wazi, yule kuku mweupe alipita mbele ya ngazi, anatembea kama mama wa parokia aliyechelewa misa. Mama Mujinga alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Ile kuku ni ya nani?"

"Ni ya avenue, Mamu."

"Ya avenue." Akatikisa kichwa. "Na miye niko bukwe ya nani, mwanangu? Ya avenue?"

Papa akasogea kwenye kiti. "Mama, samahani, bijana ba sasa..."

"Papa Clément, sikukasirika. Acha niseme kidogo, kisha ninyamaze." Na kweli hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nyumba yangu, kuko mutu ndani yake leo. Kitanda yangu iko ku mwingine. Mashine yangu ya kushona, yenye nilishonea huyu shati ya kwanza, iko ku mwingine. Kintu moya tu sikuuza, ni huyu kijana. Nilikuya kumuacha. Nilivaa viatu ya misa kwa kuya kumuacha. Nilisema, nitakula kuku na bale bantu, na nikiwa mu treni nitajua mutoto wangu iko mahali banamuheshimu. Sasa munanipa chakula ya mugonjwa, na kuku anapita mbele yangu." Akanigeukia. "Ni kunichekelea ao ni kutojua?"

"Hapana, Mamu. Si kuchekelea."

"Basi ni nini? Niambie tu."

Nilimtazama Emery. Kila mtu alimtazama Emery. Nyuma ya ukuta wa jikoni hapakuwa na hata sauti ya kijiko. Nilimtazama kwa namna nilivyomtazama siku ya kitambaa, nikamngoja, na nilikuwa nimetulia kabisa, maana nilijua maneno anayotaka kusema. Miye njo nimekataza. Maneno matatu. Alikuwa ameyafanyia mazoezi uani kwetu.

"Emery," mama yake akasema. "Wewe ulijua hii?"

Emery alitazama malenge.

"Mamu..." akasema. "Domitille iko na mawazo yake."

Mnajua mkono ukiulalia usiku kucha? Asubuhi unauona ni wako, vidole vyako, pete yako, lakini ukiugusa ni kama unagusa mkono wa mwenzako. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilisikia maneno yake vizuri, nilisikia hata kuku, nilisikia Papa anapumua. Hakikuniuma kitu.

"Mawazo yake," Mama Mujinga akarudia.

"Anapenda vile. Mambo ya majani. Mi... nilimuambia."

"Ulimuambia?"

"Nilimuambia, Mamu."

Ningeweza kusema. Mpaka leo binti zangu wananiuliza, Mama, kwa nini hukusema? Ningesema maneno matatu na mambo yangebadilika. Labda. Lakini nilifikiri: nikimuumbua mbele ya mama yake, nimemvua nguo kwenye meza. Nilifikiri tena: atajirekebisha mwenyewe, sasa hivi, akivuta pumzi. Nikampa pumzi moja. Nikampa nyingine. Ninawaonya juu ya kitu hiki kuliko juu ya kingine chochote: msimpe mtu pumzi nyingi hivyo.

Mama Mujinga aliomba maji. Nikapiga goti tena, nikamnawisha mikono ambayo haikugusa kitu. Alivikausha vidole kimoja kimoja.

"Wewe si mutoto mubaya," akaniambia kwa sauti ya chini. "Minaona. Lakini mutu akitaka kunikamatia mwanangu, aniogope kidogo. Kidogo tu."

Akasimama. Aliaga Papa kwa mikono miwili. Alipopita jikoni alisimama na kusema ukutani, "Mama bukwe, asante ya moto," na mama yangu kutoka ndani akajibu, "Asante ya miguu," kama inavyopaswa. Wakaenda. Niliona soksi nyeupe zikivuka shamba kwa uangalifu, zikikwepa matuta aliyoyachimba mwenyewe.

Sikuwa nimekaa. Nilikuwa bado nimeshika beseni la maji Emery aliporudi, mbio.

"Domi. Nilimuambia nimesahau chapeo."

"Hukuya na chapeo."

"Najua." Alisimama upande wa pili wa matuta, hakuvuka. "Unaniona mubaya?"

"Sikuoni kitu, Emery."

"Usiseme vile. Yeye iko anateswa. Ameuza kila kitu. Ningemuambia nini? Ungeona macho yake."

"Niliona macho yake. Nilikuwa nimepiga goti chini yake."

Akafuta uso. Alikuwa analia, nami nilimtazama analia kama mtu anayetazama mvua dirishani. Nilitaka kuona huruma. Niliitafuta.

"Tutaenda kesho, gare," akasema. "Tutapanga mustari. Inaweza kumaliza juma mbili, inaweza kumaliza mwezi. Njoo nasi, Domi. Ao unisubiri. Nitakuandikia."

"Ataniruhusu kuya? Mama yako?"

"Pole pole..."

"Iko wapi sasa hivi?"

"Pale ku kona, mbele ya pompi. Ananingoja."

Niligeuka nikamwona. Alikuwa amesimama juani na viatu vyake vya misa, mkoba mbele, mgongo umenyooka. Kutoka mlango wetu mpaka pale si hatua arobaini. Tulikuwa tunateka maji pale kila asubuhi.

"Emery," nikasema. "Sitaki barua. Sitaki unibebe. Nenda pale ku pompi, umuambie nani alikataza kuku. Neno lile tu. Akisha kusikia, afanye namna anapenda: akuchape, akuache, akubebe mu treni. Ukisema, miye nitakufuata ata ku gare, nitalala chini pamoya naye, nitamupikia pale. Kweri ya Mungu. Nenda useme."

Alitazama pompi. Nilimwona anapima zile hatua. Nilimwona kabisa, midomo inafunguka, bega linageuka, na kitu kidogo ndani yangu kikasogea, kidogo sana, kama kifaranga ndani ya yai. Mama yake kule akainua mkono kukinga jua.

"Sasa?" akasema. "Sasa iko na uchungu, Domi. Acha roho yake ipoe."

"Lini?"

"Nitamuambia."

"Lini, Emery?"

"Tukifika. Kule Kasai, Mwene-Ditu, akisha kupumuzika. Nakuapia. Tukifika tu, nitamuambia."

Hatua arobaini zilimshinda, akaniahidi kilomita mia nane.

"Mwende muzuri," nikasema.

"Domi..."

"Mama yako yuko juani. Mwende muzuri."

Alingoja nimguse. Kisha akaenda. Pale pompi alichukua mkoba wa mama yake, kama mtoto mwema, wakapinda kona. Nikamwaga maji ya beseni kwenye matembele, kwa kuwa maji hayatupwi, nikaingia ndani.

Mama yangu alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, anatazama nyungu tano zilizo wazi na nzi wawili. Nilikuwa tayari kwa kikohozi, nilikuwa tayari kwa lile neno la nilikuambia. Hakusema.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema atasema."

Kisha akasukuma sahani mbele yangu, akaniwekea bukari, akaniwekea lengalenga mpaka juu, kama mtu anayemwekea mtoto wa kituo.

"Kula," akasema. "Ni vidole vyote vitatu. Ulipika vizuri."

Nikala. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, nikaongezewa, nikala tena. Na hata leo, mkiniuliza kama ile lengalenga ilikuwa na chumvi ao hapana, sijui.